Mwandiko wa Karani

Bagula hakuwa na gari, wala leseni ya kuendesha gari la mtu mwingine. Hakuwa na Kiingereza cha kumjibu mwenye nyumba aliposema kwamba bomba la jikoni litasubiri mwezi ujao. Hakuwa na meno matatu ya juu. Hakuwa na koti la kimo chake. Lile alilovaa lilitoka kanisani na mikono yake ilimfunika vidole. Hakuwa na picha hata moja ya mama yake. Na tangu wiki ya tatu ya Februari hakuwa tena na kaka, wala kaburi la kaka huyo la kwenda kusimama mbele yake, kwa kuwa Enoki alizikwa Bukavu haraka haraka, na majirani, siku ya pili baada ya wanajeshi kuingia mjini. Risasi ilimkuta mlangoni kwake akifunga kufuli. Ilitoka upande gani, hakuna aliyejua kusema.

Alichokuwa nacho Bagula ni mwandiko. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya sekta, chini ya milima ya Kivu Kusini. Hata sasa, akiwa na miaka sitini na saba, mkunja mashuka ya hospitali katika kiwanda cha kufulia mjini Buffalo, Marekani, aliandika orodha ya chumvi na sabuni kwa herufi zilizolala zote upande mmoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Wakongo wa mtaa walimwita Muzee Secrétaire, yaani Mzee Karani, naye alipenda kuitwa hivyo. Lakini mwaka huu watu wawili waliutaka mwandiko wake kwa wakati mmoja, na kila mmoja aliutaka useme kinyume cha mwingine.

Jumamosi ya kilio, saa tatu asubuhi, Paluku alipanda ngazi za mbele akiwa na katoni mbili za soda mikononi na bahasha kwapani. Paluku alikuwa mwenyekiti wa jumuiya. Tena ndiye aliyekuwa na gari kubwa lililobeba watu saba kila siku kutoka mitaa ya Bailey hadi kiwandani, na Bagula alikuwa mmoja wa hao saba. Bila gari hilo kulikuwa na mabasi mawili, na baada ya mabasi, nusu saa ya kutembea katika upepo wa ziwa.

"Pole tena, Muzee Secrétaire. Kaka ni kaka."

"Asanti, Président. Karibu, ikala."

"Sitaikala. Batu bataanza kuingia saa sita, na viti haviyatosha." Alitua katoni, akafungua bahasha. "Bon. Iko karatasi moja tu."

Karatasi ilikuwa imepigwa chapa, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Ilisema kwamba Wakongo wa Buffalo wanatangaza mbele ya dunia kwamba wale wanaojiita watu wa milima ya Kivu Kusini ni wageni kutoka nchi jirani, na kwamba hawakupata kamwe kuandikwa katika vitabu vya serikali kama wazaliwa.

"Itaenda Washington," Paluku alisema. "Unaona akili yake? Wale wa ng'ambo wametuvukia mpaka. Wamekamata Goma, wamekamata Bukavu, kesho watataka Uvira. Kila siku banasema wamekuya kulinda ndugu zao. Donc tukionyesha kwamba hawana ndugu kule, wanabaki na sababu gani ya kukalia udongo wetu?"

"Naona."

"Sisi wengine ni maneno tu. Mais weye njo uliandikaka vile vitabu. Sahihi yako iko na uzito kutupita sisi wote." Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, uliokuwa mtupu. "Fasi yako hii. Mchana nitaisoma mbele ya batu."

"Nitaisoma kwanza mimi mwenyewe."

"Soma, Muzee, soma. Na Jumatatu usiwe na haraka. Gari itakungojea hata dakika kumi. Mutu wa kilio hatumwache njiani."

Alilisema kwa wema, na pengine alimaanisha wema. Bagula aliusikia wema huo, akasikia pia gari.

Paluku alipoondoka, mke wa Bagula, Cibalonza, alitoka jikoni, unga wa muhogo ukiwa umemfika viwikoni. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na hakuhitaji tena kuongea kwa sauti.

"Na ile ingine?" aliuliza.

"Ile ingine gani?"

"Ile iko nyuma ya kopo ya sukari, Papa Cubaka. Unafikiri sijui kusoma jina kwa bahasha?"

Bagula alianza kupanga viti.

Bahasha ya nyuma ya kopo la sukari ilitoka kwa Rugaba, aliyeishi Whitehall, nje kidogo ya Columbus, na kufanya kazi katika ghala la nguo. Rugaba alikuwa mtu wa milima ile ile iliyotajwa kwenye karatasi ya Paluku. Binti yake, Uwera, alikuwa amebaki kambini Uganda. Vita vilimtenga na baba yake, na alifika kambini miezi mitatu baada ya baba kupanda ndege. Miaka minne Rugaba alikuwa akimwombea binti huyo ruhusa ya kuja. Mwezi wa Januari ofisi ya uhamiaji ilimjibu kwamba kuna jambo halielewani. Katika faili yake yeye alisema alizaliwa Kongo. Katika cheti cha kuzaliwa cha Uwera, kilichotolewa Julai 2004, safu ya nne, mahali alipozaliwa baba, paliandikwa Rwanda. Je, huyu ndiye baba kweli, au ni mtu mwingine mwenye jina moja naye? Alete maelezo kabla ya tarehe nne Aprili. Yakikosekana, faili itafungwa, na mwezi wa Mei Uwera angetimiza miaka ishirini na moja, asihesabiwe tena na sheria kuwa mtoto wa mtu.

Ndani ya bahasha kulikuwa na nakala ya cheti. Mwandiko ulikuwa mzuri. Chini, sahihi ilikuwa ya Bagula.

Kwa simu Rugaba hakumlaumu. Alikuwa hata amecheka kidogo. "Papa Cubaka, kalamu iliteleza tu. Uniandikie barua moja, useme iliteleza. Kwa sisi wote tulio hai, ni weye tu ulinijua tangu utoto."

"Nitaandika wiki hii," Bagula alikuwa amesema. Wiki hiyo Goma ilianguka. Wiki tatu baadaye ikaanguka Bukavu, pamoja na Enoki.

*

Saa nane mchana nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walikaa chini sebuleni, juu ya mablanketi, na wanaume kwenye viti kandokando ya kuta. Cubaka, mtoto wa kwanza, alikuwa ameendesha gari usiku kucha kutoka Louisville, alikofanya kazi ya kupanga vifurushi uwanja wa ndege. Enoki ndiye aliyemlipia shule. Macho yake yalikuwa mekundu, na simu haikutoka mkononi; alionyesha waliokaa karibu naye ramani yenye sehemu iliyopakwa nyekundu.

"Tazama. Mwaka juzi nyekundu iliishia huku. Leo iko huku. Huyu mutu anakula inchi yetu kama mkate, pembeni-pembeni."

"Iko inatafuta udongo," mzee mmoja alisema. "Kule kwao wamebanana."

"Inatafuta madini."

"Udongo, madini, yote iko chini ya miguu yako. Ukisimama pale, ni vyako."

"Mbelgiji na Mujerumani njo walichora mpaka vibaya," mwingine alisema. "Walichora wakiwa mezani."

"Vibaya ao vizuri, umechorwa! Mimi ukuta wa jirani haunipendezi, mais siendi kuubomoa na kulala katika kitanda yake!"

Watu walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi cha kilio, na katikati ya kicheko mlango ukafunguliwa. Rugaba aliingia.

Alikuwa mrefu na mwembamba, kofia mkononi, theluji mabegani. Alikuwa amepanda basi alfajiri, akabadilisha Cleveland, akasubiri huko kwa muda wa saa mbili. Mikononi alibeba madumu mawili ya maziwa kutoka duka la kona ya Bailey. Kwao milimani, mtu haendi kwenye nyumba ya kilio bila maziwa.

Kicheko kilikoma. Chimène, binti wa nyumba, aliyekuwa akigawa maji, alibaki amesimama na sinia. Cibalonza peke yake ndiye aliyenyanyuka.

"Papa Uwera," alisema. "Umefika."

"Nimefika, Mama Cubaka. Nimekuya tulie Enoki." Alinyoosha madumu. Kabla mwanamke hajayapokea, Cubaka aliyachukua, bila ukali, kama mtu anayemsaidia mama yake. Akapita nayo katikati ya watu, akafungua mlango, akayaweka nje barazani juu ya theluji. Akarudi, akakaa.

"Kuko baridi ya kutosha," alisema. "Hayataharibika."

Hakuna aliyempisha Rugaba kiti. Alisimama karibu na mlango, mahali viatu vya watu vilipovuliwa, kofia ikizunguka vidoleni mwake. Bagula aliona yote. Alikuwa mwenye nyumba na mwenye kilio. Neno moja lake lingetosha kumpatia mgeni kiti. Alitazama kapeti.

Paluku alikohoa, akainuka na karatasi. Aliisoma yote kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kanisani. Alipofika penye "hawakupata kamwe kuandikwa", watu kadhaa waligeuka kumtazama Rugaba.

"Sasa weye, Papa Uwera," Cubaka alisema. "Kwa kuwa umekuya mwenyewe. Tuambie, mpaka yenu iko wapi? Ramani ni hii."

"Sijui kusoma ramani ya simu, mwanangu."

"Useme kwa mdomo."

Rugaba aliacha kuzungusha kofia. "Baba yangu alizikwa kule juu. Babu yangu alizikwa kule juu. Baba yako anaijua ile fasi, alikuwako siku tulimzika baba. Mpaka wa serikali siujui, ile makaburi njo naijua."

"Na wale waliomuua Papa Enoki? Walivuka kwa ajili yenu!"

"Njo wanasema vile. Mimi hawakuniuliza." Sauti yake haikupanda. "Mutu akitaka kuingia kwako, anasema amesikia mutoto analia ndani. Anaingia, anabaki, na yule mutoto anamusahau. Sisi njo ule mutoto, Cubaka. Wale bananikanyaga, na weye unanipiga."

"Lakini mutoto alikuwa analia kweli?" mzee wa pembeni aliuliza, nusu kwa mzaha.

"Bon," Paluku alisema. "Hapa ni kilio, si bunge. Tutie sahihi. Muzee Secrétaire, fasi ya kwanza ni yako."

Karatasi ilipita mikononi mwa watu hadi kwa Bagula, na juu yake kalamu. Bagula alihisi macho ya mwanawe upande mmoja, na upande wa pili, mlangoni, mtu asiyemtazama kabisa, aliyekuwa akisoma viatu vya watu kana kwamba anatafuta vyake.

"Leo niko nalia kaka yangu," Bagula alisema mwishowe. "Kalamu ingoje."

Paluku aliichukua karatasi na kuilaza juu ya televisheni. "Ingoje," alisema. "Mais isingoje mingi."

*

Waliongea barazani, Bagula akiwa na lile koti la kanisani, Rugaba tayari amevaa kofia. Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na moja. Madumu ya maziwa yalikuwa pale miguuni, na utando mwembamba wa barafu ulikuwa umeanza kujishika shingoni.

"Umesafiri muda wa saa nane ili usimame mlangoni," Bagula alisema.

"Nimesimama fasi mbaya kupita ile."

"Yule mutoto wangu ana uchungu."

"Ana haki. Enoki alikuwa mutu." Rugaba alitazama barabara, magari yaliyofunikwa, mtu akikwangua kioo. "Sikukuya juu ya barua, Papa Cubaka. Nilitaka ujue. Nilifikiri njiani kwamba utawaza hivyo. Halafu nikawaza, kweli nimekuya juu ya kilio peke yake? Sijui. Mutu akiwa na mutoto kambini, kila kitu anafanya, ule mutoto iko ndani."

Bagula alisikia mdomo wake ukisema, "Niliamriwa."

"Nini?"

"Ile safu ya nne. Kalamu haikuteleza. Ulikuwa mwaka ule wakati Bukavu ilivamiwa, na wakubwa walisema nyinyi wote tuwaandike hivyo. Niliamriwa."

"Mimi sijui Kifaransa," Rugaba alisema. "Ulinipa karatasi, nikaikunja, nikaweka ndani ya Biblia. Nilikuuliza, iko sawa? Ukasema, ni karatasi tu, Rugaba, usijali." Alifunga kifungo cha juu cha koti. "Bon. Kama uliamriwa, uliamriwa. Amri ni amri. Uandike hivyo, kwamba uliamriwa. Itatosha."

Alimpa mkono kwa mikono miwili, kama mdogo anavyompa mkubwa, ingawa walikuwa wa rika moja. Akashuka ngazi.

Jioni, watu walipokwisha kutia sahihi zao na kuondoka, karatasi ikibaki pale juu ya televisheni, Cibalonza alitoka, akayaleta madumu ndani, akaweka sufuria juu ya moto. Alikunywa kikombe kimoja akiwa amesimama mbele ya jiko, mbele ya mwanawe. Cubaka alichukua funguo zake, akalala ndani ya gari. Kulipokucha, alikuwa ameshaondoka.

*

Jumatatu gari la Paluku lilimngojea Bagula dakika kumi, kama alivyoahidi. Kwa wiki nzima alikalishwa mbele, na watu walimuuliza juu ya afya. Jumapili, baada ya ibada, Paluku alimfuata penye makoti.

"Muzee, ile karatasi iko na majina arobaini na moja. Mustari ya kwanza iko wazi kama jino limetoka."

"Président, ningoje."

"Nangoja nini? Nimesikia iko barua unataka kuandika. Kwa ajili ya ule mutu wa Columbus. Sikuamini. Nikasema, Muzee Secrétaire, kaka yake hajaoza, atatumia sahihi yake kuwapa wale batu uraia wetu?"

"Ni mutoto wa kike, Président. Anataka kuja kwa baba yake. Si uraia."

"Leo mutoto. Kesho banaonyesha ile barua, banasema, tazama, hata karani alikubali, udongo ni wetu. Vita inaanza na karatasi, Muzee. Weye unajua kutupita."

Ndiyo, alijua. Hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Jumatatu iliyofuata alisimama kwenye kona yake saa kumi na moja na nusu asubuhi. Gari lilikuja, taa zake zikimulika theluji. Paluku mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Aliinua mkono kumsalimia, kwa adabu, na hakusimama. Nyuma ya vioo vichwa sita vilitazama mbele. Bagula alifika kazini amechelewa dakika arobaini. Msimamizi alimwonyesha saa ya ukutani na kusema maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa. Alikwenda hivyo siku kumi, mabasi mawili na miguu, na siku ya sita alianguka kwenye barafu mbele ya kituo cha mafuta, mkono wa kulia ukiwa chini yake. Haukuvunjika. Ulivimba tu, na kwa siku tatu hakuweza hata kuandika jina lake. Aliona aibu kugundua kwamba jambo hilo lilimpa nafuu.

Cubaka alipiga simu kutoka Louisville.

"Papa, Président amenipigia. Unamuandikia ule mutu?"

"Sijamuandikia."

"Na ile ya jumuiya, umetia sahihi?"

"Sijatia."

"Donc uko wapi? Katikati? Katikati ya risasi Papa Enoki njo alikuwa." Nyuma yake mashine za ghala zilivuma. "Ukimuandikia, usinihesabu tena. Sisemi kwa hasira. Nakuambia tu ujue."

*

Zilibaki wiki mbili kufika tarehe nne Aprili. Ijumaa, baada ya kazi, Bagula alikaa kwenye meza ya jikoni na karatasi nyeupe. Mkono ulikuwa umerudi. Aliandika kwa Kifaransa cha ofisi, kwani Chimène angeitia katika Kiingereza na kuziambatanisha zote mbili. Aliandika kwamba alikuwa karani. Aliandika mwaka. Aliandika kwamba wakati huo, kwa amri ya wakubwa wake, aliagizwa kujaza safu ya nne kwa namna ifuatayo. Ilikuwa sentensi nzuri. Alimsomea mkewe kwa Kiswahili.

Cibalonza alikuwa akichambua maharage. "Wakubwa gani?"

"Wa sekta."

"Julai ya ule mwaka? Chef de secteur, mukubwa wako, alikuwa amekimbia tangu mwezi wa sita, Papa Cubaka. Ofisi ulibaki na funguo weye mwenyewe. Mimi njo nilikuletea chakula pale. Ulikuwa peke yako kama mulinzi."

Bagula alivua miwani.

"Ng'ombe ulinioa naye," Cibalonza aliendelea, bila kuinua macho, "alitoka katika kundi la baba yake Rugaba. Ule wa rangi mbili. Baba yako hakuwa na ng'ombe ya kutoa, ule muzee akasema, bamupeleke, mutatulipa wakati mutapata. Tulilipa lini?"

"Hatukulipa."

"Basi usiniambie mimi amri."

Chimène, aliyekuwa amerudi kutoka nyumba ya kutunza wazee, na sare yake bado mwilini, alisimama mlangoni. "Dad," alisema, "nobody made you?"

Alikielewa Kiingereza hicho chote.

Aliikumbuka asubuhi ile bila kutaka. Redio ilikuwa imetaja majina ya mitaa ya Bukavu iliyoporwa, na wakuu wa waasi, na kabila la mmoja wao, ndilo la Rugaba. Rugaba aliingia akitabasamu, na mtoto mgongoni mwa mama yake. Bagula aliinamia kile kitabu kikubwa, akafika safu ya nne, na hasira ikampanda. Akaona kwamba yeye, mtu asiye na bunduki, anaweza kuwavusha watu hawa mpaka wa nchi kwa neno moja. Akaliandika kwa mwandiko mzuri. Wengine kumi na wanne waliofuata mwezi huo aliwaandikia hivyo hivyo. Kisha hasira ikapoa, na kitabu kilikuwa kimeshapigwa muhuri.

Aliikunja karatasi ya kwanza, akachukua nyingine.

"Mimi, Bagula, niliyekuwa karani wa vizazi," aliandika, "nathibitisha kwamba Rugaba alizaliwa Kongo, katika milima ya Kivu Kusini, na baba yake alizaliwa huko kabla yake. Nilimjua tangu tulipokuwa watoto. Katika cheti cha binti yake niliandika kwamba yeye Rugaba alizaliwa Rwanda. Nilijua kwamba si kweli. Hakuna aliyeniamuru. Kulikuwa na vita, na nilikuwa na hasira. Binti ni wake."

Aliisoma mara mbili. Haikuwa na sentensi hata moja nzuri. Alitia sahihi, ile ile ya kwenye cheti, ili waweze kuzilinganisha. Halafu alisimama, akaitoa karatasi ya Paluku juu ya televisheni, na mstari wa kwanza bado mtupu, akampa Chimène airudishe kanisani.

*

Jumamosi walitembea hadi posta, yeye na binti yake. Theluji ilikuwa imekuwa tope jeusi kando ya barabara. Cibalonza alikuwa ameweka ndani ya bahasha kila kitu kwa mpangilio wake, barua, tafsiri, nakala ya kitambulisho cha Bagula, na kipande cha karatasi alichomwandikia Rugaba kwamba maziwa waliyanywa. Bahasha ilikuwa wazi. Bagula alitaka kuifunga mwenyewe.

Penye foleni alilamba gundi kwa ulimi mkavu, akabana kingo kwa dole gumba, mara moja, mara mbili. Juu, kushoto, aliandika jina lake kamili na mtaa na namba ya nyumba, kwa herufi zilizolala upande mmoja. Mwanamke wa mbele ya foleni, Mkongo wa kanisani kwao, aligeuka, akasoma jina la Columbus chini yake, akageukia mbele tena bila kusalimu.

Karani wa posta alikuwa mwanamume mzito mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alipima bahasha, kisha akauliza jambo kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuliuliza mara mia tangu asubuhi.

"Anasema nini?" Bagula aliuliza.

"Anauliza watu wote, Papa. Kama ndani kuna kitu cha kuvunjika, ao cha kuoza, ao cha hatari."

Bagula aliitazama bahasha juu ya mizani. Ni karatasi tu, ndilo jibu lililokuwa tayari mdomoni, na hakuweza kulitoa. Karani alisubiri, kalamu hewani. Nyuma yao watu walihama mguu hadi mguu.

"No," Chimène alijibu badala yake.

Karani alipiga muhuri. Bagula aliijua sauti hiyo, ya mpira mzito juu ya karatasi. Aliitoa yeye mwenyewe miaka ishirini na miwili. Bahasha ilirushwa nyuma, ikaangukia katika sanduku la plastiki juu ya bahasha nyingine, uso chini. Chimène alilipia, akampa baba yake risiti, naye akaikunja mara nne na kuiweka mfukoni mwa ndani. Kisha wakatoka na kuanza kurudi kwa miguu.